Kusaidia Bila Kujipoteza

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa aweke tayari ubao na chaki.)

Kila mmoja na ashike daftari na kalamu, maana leo tutasoma, tutafikiri, na kisha tutafanya hesabu kidogo.

Somo la leo lahusu jambo lililomo katika nyumba nyingi, ila watu hawalitaji. Twataka kujua hivi: ni wakati gani kumsaidia mtu kunamwinua, na ni wakati gani kunamzamisha yeye, na wewe pamoja naye? Tena twataka kujua kama jambo hilo laweza kupimwa.

Tuanze kwa mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, basi msitafute jirani wa kumnyoshea kidole.

Yuko mama mmoja, kazi yake ni kuuza maandazi. Mumewe ni fundi mwashi, tena fundi hodari, lakini pombe imemshinda. Kila Jumatatu asubuhi hawezi kuinuka kitandani. Mama huchukua simu akampigia msimamizi wa kazi.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Fundi yuko wapi leo?"

"Ana homa, bwana. Usiku kucha hakulala."

Hana homa. Mama amesema uongo ili mume asifukuzwe kazi. Jioni mwenye kilabu huja kudai fedha zake, na mama humlipa kwa fedha za unga wa kesho. Watoto wakiuliza, "Mama, baba ana nini?" huwajibu, "Baba amechoka, nendeni mkacheze." Usiku hukaa macho akisikiliza hatua za mumewe njiani. Kwa hatua zile tu hujua kama usiku huu ni wa ugomvi au wa amani. Upatu wa akina mama ameuacha. Kwa dada yake haendi tena, maana akienda, nani atamtazama mume?

Jirani akimwuliza, "Mama, wewe hujambo?" humjibu, "Leo afadhali, jana hakunywa sana."

Angalieni sana jibu hilo. Mama ameulizwa habari zake yeye, naye amejibu habari za mumewe. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

JINA LA JAMBO HILI

Katika somo hili tutaliita utegemeano mbaya. Mwalimu, andika ubaoni: u-te-ge-me-a-no. Darasa lisome pamoja.

Neno hili latokana na kutegemea. Mume anamtegemea mke amfichie aibu na kumlipia madeni. Mke naye, pasipo kujua, anamtegemea mume ili ajione ana kazi na thamani. Kila mmoja amefungwa kwa mwenziwe kama ng'ombe wawili katika nira moja. Mmoja akiingia shimoni, humvuta na wa pili.

Fikira hii ilitokea Marekani, tena ilitokea kwa watu wa kawaida kabla ya kufika kwa mabingwa. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, watu wawili walioteswa na pombe walianza kusaidiana kuiacha. Mmoja aliitwa Bill Wilson, wa pili alikuwa daktari, Bob Smith. Chama chao kikaitwa Alcoholics Anonymous, na leo vikundi vyake viko hata Kenya na Tanzania. Wake za watu hao waliona kwamba nao wana majeraha yao. Basi mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na mwenzake, walianzisha chama cha pili kwa ajili ya jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon. Hapo watu walianza kufahamu kwamba pombe humuumiza hata asiyeionja.

Baadaye ilionekana kwamba si pombe peke yake. Nyumba yenye mcheza kamari, au mvuta dawa za kulevya, au mzazi mwenye hasira kali, yaweza kuwa na mambo yale yale. Mwaka 1986 Melody Beattie, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu juu ya jambo hili, nacho kilisomwa na mamilioni ya watu. Mwaka huo huo, katika jimbo la Arizona, kilianzishwa chama cha watu waliojiona wamefungwa na utegemeano wa namna hii.

DALILI ZAKE

Ziko dalili tatu kubwa.

Ya kwanza: macho ya mtu yako nje siku zote. Ajua mwenziwe amekula nini, amelala saa ngapi, amekasirika kwa nini. Lakini mwili wake mwenyewe ukiuma, hana habari.

Ya pili: hasemi yaliyo moyoni. Akikasirika hunyamaza, akihuzunika hucheka. Aogopa kwamba akisema neno la kweli, nyumba itavunjika.

Ya tatu: thamani yake yote yatoka kwa mwenziwe. Mwenziwe akiwa mzuri leo, naye ni mtu. Mwenziwe akiharibika, yeye si kitu.

Najua yuko mwanafunzi mmoja aliyekwisha inua mkono. Ataka kusema, "Mwalimu, sisi tumelelewa kusaidiana. Ndugu akianguka, huinuliwa. Je, huo nao ni ugonjwa?"

Swali hilo ni zuri, na jibu ni hapana. Kumlisha mtoto mchanga si utegemeano mbaya. Kumwogesha mzee asiyejiweza, au kukesha na mgonjwa, huo ndio ubinadamu. Kumchangia ndugu aliyefiwa ni wajibu. Mtu aweza kujitoa sana kwa wengine, na bado nafsi yake ikawa nzima.

Lakini wazee wetu walijua kwamba msaada una mpaka. Walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalieni, hawakusema mgeni afukuzwe, wala hawakusema anyimwe chakula. Walisema apewe jembe, yaani arudishiwe sehemu ya kazi iliyo yake. Mtoto mchanga na mgonjwa wa kitandani hawapewi jembe. Mtu mzima mwenye mikono hupewa.

Basi ukitaka kujua msaada wako ni wa namna gani, jiulize maswali mawili. La kwanza: baada ya msaada wangu, je, mwenzangu anajiweza zaidi kuliko jana, au anajiweza kidogo kuliko jana? La pili: je, naweza kusema "hapana" siku moja tu bila kutetemeka?

(Mwalimu afunge redio kwa dakika tano. Wanafunzi wazungumze juu ya maswali haya mawili.)

JINSI YA KUPIMA

Tumerudi. Sasa tutazame habari ya kupima.

Nafaka twaipima kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ni pishi moja. Joto la mwili twalipima kwa kipimajoto. Lakini moyo wa mtu hauingii katika kibaba. Wataalamu hufanyaje? Huandika sentensi nyingi katika karatasi, huwapa watu wote sentensi zile zile, kisha huhesabu majibu.

Kimoja katika vipimo vijulikanavyo sana kilitolewa Marekani mwaka 1991 na Judith Fischer, Lynda Spann na Duane Crawford. Kina sentensi 16, nazo zahusu zile dalili tatu tulizozitaja. Mtu husoma kila sentensi, akatia alama kuanzia 1 mpaka 6. Alama 1 maana yake ni "nakataa kabisa." Alama 6 maana yake ni "nakubali kabisa." Huko Australia kiko kipimo kingine chenye sentensi 13.

Tufanye hesabu ya kile chenye sentensi 16. Mtu akitia 1 katika kila sentensi, atapata ngapi? Ni 16 mara 1, jumla 16. Akitia 6 kila mahali? Ni 16 mara 6, jumla 96. Basi mtu hawezi kupata chini ya 16, wala hawezi kuzidi 96.

Liko jambo moja la kuangalia. Baadhi ya sentensi hugeuzwa makusudi. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ambao haumo katika kipimo kile: "Mimi huamua mambo yangu bila taabu." Anayekubali sentensi hii hana tatizo. Kwa hiyo alama yake hugeuzwa: 6 huwa 1, na 5 huwa 2, na 4 huwa 3. Njia rahisi ni kutoa alama katika 7. Saba toa sita ni moja. Saba toa tano ni mbili. Kwa nini hufanya hivi? Kwa sababu wako watu ambao hutia alama moja kutoka juu mpaka chini bila kusoma, na sentensi iliyogeuzwa huwafichua.

Haya, andikeni hesabu hii. Mtu mmoja, baada ya kugeuza zinazogeuzwa, ana alama 4 katika sentensi 10, na alama 2 katika sentensi 6. Jumla yake ni ngapi? Nne mara kumi ni 40. Mbili mara sita ni 12. Jumla ni 52.

Sasa nawauliza: mtu huyo mwenye 52 ni mgonjwa au mzima?

Msijibu haraka. Hakuna namba iliyokubaliwa na madaktari wote, ambayo mtu akiivuka aitwe mgonjwa. Namba hii hufaa kwa kulinganisha. Mtaalamu aweza kulinganisha kundi moja na kundi jingine. Aweza pia kumpima mtu leo, akampima tena baada ya miezi sita ya mafunzo, aone kama namba imeshuka. Ni kama kioo: huonyesha uso, lakini hakitoi dawa wala hukumu.

MIZANI NZURI NA MIZANI MBAYA

Kipimo chema sharti kiwe na sifa mbili.

Sifa ya kwanza ni kutobadilika ovyo. Mizani ya dukani ikisema sukari hii ni kilo moja leo, na kesho sukari ile ile ikasema ni kilo moja na nusu, mizani hiyo ni ya kutupwa.

Sifa ya pili ni kupima kitu chenyewe. Muuza duka akipima sukari pamoja na bakuli la chuma, mizani haikukosea, lakini alichokipima si sukari peke yake. Karatasi ya maswali nayo yaweza kupima utegemeano pamoja na kitu kingine: huzuni, umaskini, au desturi njema ya kuwaheshimu wakubwa. Sentensi iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa Marekani, anayeishi na mke na watoto wawili tu, haiwezi kuletwa hivi hivi katika nyumba yenye bibi, shangazi na wajukuu. Kuitafsiri hakutoshi. Sharti ijaribiwe upya kwa watu wa mahali pale.

Tena liko bakuli zito kuliko yote, nalo ni hofu. Mwanamke anayepigwa nyumbani akiulizwa, "Je, hungoja kuona hasira ya mwenzako kabla hujasema neno?" atakubali, na namba yake itapanda. Lakini mama huyo ana sababu ya kungoja. Anayalinda maisha yake. Kumwambia kwamba ana utegemeano mbaya ni kumtwika aliyepigwa kosa la mpigaji. Wako wataalamu, hasa wanawake, ambao wamelikosoa jina hili kwa sababu hiyo. Ndugu yangu, ukiwa wapigwa, usianze na karatasi ya maswali. Anza na usalama wako na wa watoto. Mwendee mtu unayemwamini, au ofisi ya ustawi wa jamii, au dawati la jinsia la polisi, au hospitali.

Jueni pia kwamba utegemeano huu haumo katika orodha ya magonjwa. Mwaka 1986 Daktari Timmen Cermak wa Marekani alipendekeza uhesabiwe kuwa ugonjwa wa akili wenye jina lake, lakini haukukubaliwa. Haumo katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013. Haumo pia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo mtu asikuambie, "Nimekupima, una ugonjwa huu." Hata hivyo, kutokuwamo katika orodha si kusema kwamba mama yule wa maandazi haumii. Kukosa usingizi miaka mitatu kwaweza kuleta maradhi ya kweli. Huzuni kubwa ni ugonjwa, nao una tiba. Ukiona hulali, huli, au watamani kufa, nenda hospitali upesi, usingoje.

JEMBE LA MAMA

Sasa turudi kwa mama yetu. Afanye nini?

Kwanza, ajue lililo lake na lisilo lake. Yeye hakuuanzisha ulevi wa mumewe, wala hawezi kuutawala, wala hawezi kuuponya kwa mikono yake. Kazi ya kuacha pombe ni ya mume. Chakula cha watoto hakikatwi ili mume aadhibiwe. Lakini deni la kilabuni si chakula cha watoto.

Pili, achague jambo moja tu, aliseme wakati mume hajanywa, kwa sauti ya upole: "Baba watoto, mimi nimechoka kusema uongo. Jumatatu ijayo simu ya msimamizi utaipokea wewe." Hilo ndilo jembe. Lakini kama ajua kwamba maneno hayo yataleta kipigo, asiyaseme akiwa peke yake naye. Atafute kwanza mzee au ndugu wa kusimama pamoja naye.

Mtaniuliza, "Je, mume akifukuzwa kazi?" Yawezekana, siwadanganyi. Mama huyu aogopa njaa, na njaa si jambo dogo. Lakini tuseme kweli: uongo wa kila Jumatatu haukuilinda kazi ile. Uliiahirisha tu siku ya kufukuzwa, na kila wiki deni likaongezeka. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tatu, arudi kwa watu wake. Arudi kwenye upatu, ili awe na akiba yake siku ya taabu. Aende kwa dada yake. Awaambie watoto neno la kweli wanaloweza kulifahamu: "Baba anaumwa na pombe. Si kosa lenu." Watoto huona kila kitu. Wakifichwa, hudhani ni wao waliomkasirisha baba.

Nne, ajue hatari moja. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asifungiwe ndani aache kwa ghafula. Aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupata kifafa na kufa. Akitaka kuacha, apelekwe hospitali aache chini ya uangalizi wa mganga.

Je, mume ataacha pombe? Somo hili haliwezi kuahidi. Wako waachao, wako wasioacha. Lakini siku moja jirani atapita tena aulize, "Mama, wewe hujambo?" Naye atajibu, "Mimi? Mgongo waniuma kidogo, lakini Jumamosi ni zamu yangu ya upatu." Siku hiyo, hata kama pombe bado imo nyumbani, mtu mmoja atakuwa ametoka shimoni. Naye aliye nje ya shimo ndiye awezaye kushusha kamba.

MANENO YA KUJIFUNZA

Utegemeano: hali ya watu kutegemeana.
Dalili: alama ya kuonyesha jambo lililofichika.
Kipimo: chombo au njia ya kupimia.
Kulinganisha: kutazama vitu viwili uone tofauti yake.
Kuahirisha: kusogeza jambo mbele lifanyike siku nyingine.

MASWALI

1. Mama wa maandazi alipoulizwa hali yake, alijibu nini? Jibu lake laonyesha dalili ipi katika zile tatu?
2. Taja msaada mmoja unaomwinua mtu, na mmoja unaomzamisha.
3. Mtu ana alama 5 katika sentensi 8, na alama 3 katika sentensi 8. Jumla yake ni ngapi?
4. Sentensi iliyogeuzwa imetiwa alama 2. Baada ya kugeuza itakuwa ngapi?
5. Kwa nini namba kubwa ya mwanamke anayepigwa haitoshi kusema kwamba ana utegemeano mbaya?
6. Andika sentensi tatu juu ya jembe ambalo wewe ungependa kumrudishia mtu. Sentensi hizi ni zako, si lazima kumwonyesha mwalimu.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Someni tena ukurasa huu polepole, na anayejua zaidi amsaidie mwenziwe, ila kalamu amwachie aishike mwenyewe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.